Khamus Hakohen, Aliyeuzunguka Mji Kila Ijumaa

Wasifu huu unasomwa leo Jumapili, tarehe 12 Mei 2019, siku ya kusimamishwa jiwe la kaburi la marehemu Khamus Hakohen, kwa sababu siku aliyozikwa haikuruhusiwa kusomwa kitu. Alikufa ndani ya Nisani, mwezi wa Pasaka yetu sisi Wayahudi, na katika mwezi huo wafu wetu huzikwa kimyakimya bila kusifiwa. Mwenyewe angefurahi. Aliacha karatasi ndani ya kitabu chake cha sala, imeandikwa kwa penseli: "Msinisifu kwa nisichokuwa nacho. Semeni kweli, kisha mrudi nyumbani mkale." Basi kweli itasemwa. Anayeusoma ni mdogo wake, Fraji, naye anausomea huku barabarani, nje ya ukuta, kwa kuwa ni wa ukoo wa makuhani kama kaka yake, na kuhani hakanyagi makaburini. Siku ya maziko aliruhusiwa kuingia kwa ajili ya ndugu yake wa damu, leo haruhusiwi tena. Mliosimama karibu na jiwe, sauti isipofika, inueni mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Desemba 1944, siku ya pili ya Hanuka, sikukuu ya taa, huko Hara Sghira katika kisiwa cha Djerba, nchini Tunisia, kijiji cha makuhani watupu tangu enzi za mababu. Baba yake alikuwa mzee Bugid, mfua fedha, na mama yake Ghzala. Watoto wawili waliomtangulia walikufa wachanga, ndiyo maana akaitwa Khamus, jina litokanalo na tano, vidole vitano vya mkono unaozuia jicho baya. Mzee Bugid alisema jina linatosha, Mungu atamlinda. Mama Ghzala akasema ndiyo, Mungu atamlinda, na papo hapo akamfunga mtoto samaki wa fedha shingoni, akambandika kitunguu saumu kwenye nepi, na kwa wiki sita hakumruhusu mtu yeyote kusema kwamba mtoto ni mzuri. Walibishana juu ya samaki yule hadi kufa kwao, na kila mmoja aliamini kwamba Khamus alipona kwa sababu yake.

Septemba 1956 familia ilipanda meli hadi Marseille, na kutoka huko hadi Haifa. Hapo lori liliwachukua kuelekea kusini, likawateremsha jangwani penye vibanda vya mbao, wakaambiwa wamefika Netivot, mji mpya. Mama Ghzala akatazama huku na huku. "Mji wenyewe uko wapi?" akamwuliza dereva. "Mama," dereva akamjibu huku akishusha godoro, "mji ni nyinyi." Mama alilia hadi Sabato.

Marehemu alisoma Torati kwa Rabi Makhluf, Mmoroko mnene mwenye sauti ya upole, katika kibanda ambacho paa lake lilipeperushwa na upepo mara mbili. Wenzake wanakumbuka somo la mana, chakula kilichoshuka toka mbinguni jangwani. Rabi aliwauliza: ikiwa Mungu aliweza kukishusha toka mbinguni, kwa nini hakukitia mdomoni moja kwa moja? Kwa nini watu walitoka kila asubuhi na vikapu? Khamus akainua mkono. "Rabi, na yule aliyebaki amelala hemani, akasema Mungu atamletea?" Rabi akamtazama. "Huyo? Huyo alilala na njaa yake, Khamus, na hakuwa na wa kumlaumu." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kila mtu analijua hilo, mpaka siku mvungu unapokuwa wake mwenyewe.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne akafanye kazi kwenye bustani za machungwa. Mwaka 1963 aliingia jeshini, akafundishwa kuvuta nyaya za simu na kupanda nguzo. Ufundi huo ndio uliomlisha maisha yake yote. Aliporudi alifanya kazi ya nguzo za simu, na mwezi Machi 1970 Rabi Makhluf alimwita na kumpa kazi ambayo watoto wa mji huu wamemjua kwayo, kukagua waya ya Sabato. Ni hii waya iliyouzunguka mji mzima juu ya nguzo. Kwetu siku hiyo ni marufuku kubeba kitu nje ya ua; waya ikiwa nzima, mji wote ni kama ua wa nyumba moja, na mama huruhusiwa kumbeba mtoto wake hadi sinagogi siku ya Sabato. Ikikatika mahali pamoja tu, hata leso mfukoni ni dhambi. Kilomita kumi na mbili wakati ule, kumi na tisa leo, nguzo tisini na sita. Kila Ijumaa alfajiri marehemu alibeba ngazi begani na kibunda cha waya kiunoni, akauzunguka mji kwa miguu, macho juu, akigonga kila nguzo kwa ufunguo wake. Alikataa pikipiki. Alisema pikipiki inapita, haikagui.

Mwezi Februari 1975 jambo moja lilimpata. Upepo wa Ijumaa jioni ulikuwa mkali, na asubuhi ya Sabato, akielekea kusali, Khamus akaona waya imelala chini karibu na tangi la maji. Siku ya Sabato hakuna kufunga waya. Na desturi ni kwamba watu wasiambiwe, kwa kuwa afadhali wakosee bila kujua kuliko wakijua. Akasimama pale akitazama akina mama wakipita na vigari vya watoto, wakimsalimu, "Shabat shalom, Khamus," naye akiitikia. Alipomaliza sala akamkimbilia Rabi.

"Imekatika, Rabi."

"Jana ulitembea?"

"Nilitembea."

"Yote? Hukuruka mahali?"

"Yote. Nguzo kwa nguzo."

"Basi nenda nyumbani ukale."

"Rabi, mji mzima unabeba!"

Rabi akavua miwani. "Khamus, baraza la dini lilikuajiri utembee. Halikukuajiri uwe Mungu. Mshahara wa kazi hiyo hatuna."

Marehemu alikwenda nyumbani lakini hakula. Aliiamini sheria, alimwamini Rabi, ila chakula hakikupita. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na wote tuliomjua tulimcheka kwa ajili hiyo.

Nyumbani kulikuwa na aliyemngoja ale. Jumanne tarehe 13 Juni 1972 alikuwa amemwoa Meisa binti Huato, mshonaji wa magauni ya harusi, mzaliwa wa Hara Kebira ya kisiwa kile kile. Meisa alikuwa na ulimi. Siku ya kwanza walipokutanishwa alimtazama huyu kijana mwenye shingo iliyozoea kuelekea juu, akamwambia, "Mimi niko huku chini, kaka." Walipendana, na hilo lisemwe wazi, kwa kuwa wapo wanaosema hakukuwa na mapenzi. Kila Ijumaa, alipobakiza kilomita moja, Meisa alimngoja penye tangi la maji na chupa ya chai, wakaimaliza ile kilomita pamoja, yeye akiangalia waya na mke akimwambia pa kukanyaga.

Mtoto hakupatikana. Mwaka wa kwanza watu walisema subira, mwaka wa tatu walisema dawa, mwaka wa tano wanawake wa Mtaa wa Mizeituni walianza kumwita Meisa tasa, mwanzoni nyuma yake, baadaye hata mbele yake, dukani, huku wakipima nyanya. Alikwenda kwa madaktari wote. Hakukutwa na kasoro. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Beersheba alisema sasa mume na apimwe, akaongeza kwamba mara nyingi ni jambo dogo tu, upasuaji wa nusu saa na mtu anarudi kwake kwa miguu. Khamus alikataa. Fraji alikuwepo siku hiyo, alikuwa amekuja kuazima ngazi, akakwama mlangoni na ngazi yake.

"Mungu akitaka kufungua, hahitaji kisu," Khamus alisema.

"Ahaa." Meisa akaweka sindano mezani. "Na Mungu akitaka waya isikatike, anahitaji miguu yako?"

"Hayo ni mengine."

"Mengine vipi? Niambie, maana mimi sikusoma kwa Rabi. Kila Ijumaa unatoka alfajiri unakagua waya ya watu elfu kumi, hata homa haikuzuii. Kwa watu unatembea. Kwangu unaamini. Mbona kwangu hutembei, Khamus?"

Khamus aliinuka. Akamsaidia Fraji kuitoa ngazi, akaenda nayo hadi mwisho wa mtaa ambako hakuna aliyeihitaji.

Ilipotimia miaka kumi, marehemu alishikwa na wazo. Aliwahi kusoma kwamba wazee wa zamani walimtaka mtu aliyeishi na mkewe miaka kumi bila mtoto atafute njia nyingine. Akaona heri amwachie Meisa huru, apate mtoto kwingine. Hakumwuliza Meisa anataka nini. Rabi Makhluf, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alimwambia kwamba siku hizi hakuna anayefanya hivyo, na kwamba yeye zaidi ya wote asithubutu. "Wewe ni kuhani. Kuhani haoi mwanamke aliyeachwa, hata kama aliyemwacha ni yeye mwenyewe. Mtu mwingine akiacha kwa hasira leo, kesho hurudiana. Wewe mlango huu ukiufunga umeufunga. Kapimwe kwanza, Khamus. Nenda Beersheba." Khamus akasema Mungu atatengeneza. Tarehe 2 Novemba 1982, mbele ya mashahidi, alimtilia Meisa hati ya talaka mikononi. Meisa alikuwa amesema neno moja tu: "Ukinipa nitapokea. Sitakuomba." Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagwa na mtu aliyesimama wima, akili timamu, akilitaja jina la Mungu.

Mwaka 1984 Meisa aliolewa na mwokaji mikate mjane, Amram Vaknin. Mwaka 1985 alijifungua msichana, na mwaka 1987 mvulana. Mji mzima unajua kuhesabu. Wiki ile ya msichana, Khamus aliuzunguka mji kama kawaida, akapita Mtaa wa Mizeituni ambako wanawake walewale walikuwa wamenyamaza, akagonga nguzo zake zote. Mwaka uliofuata alikwenda peke yake Beersheba akafanyiwa upasuaji uleule wa nusu saa, akarudi kwa basi. Fraji alipopata habari alimfokea.

"Sasa wa nini? Mke huna!"

"Nilidaiwa na mwili," alisema. "Nilikuwa nimechelewa tu."

Hakuoa tena. Wajane wawili waliletwa kwake, wema wote, na wote aliwaandalia chai na kuwasindikiza kituoni. Aliishi miaka thelathini na sita katika vyumba viwili. Siku ya Ijumaa aliwasha mwenyewe mishumaa ya Sabato, kazi ambayo katika nyumba nyingine ni ya mama, akajikaribishia Sabato kwa wimbo, akajibariki divai, akajiitikia amina. Kuskusi hakupika, maana hakuna sufuria ya kuskusi ya mtu mmoja. Majirani walimletea sahani, naye aliirudisha imeoshwa na kuwekwa lozi tatu. Sisi ndugu zake tulimwalika, alikuja mara moja moja, akaketi karibu na mlango, akaondoka kabla ya matunda. Tulisema ni tabia yake. Ni rahisi kusema tabia. Alikuwa mpweke, mpweke wa kutisha, na tulijua.

Na kila Ijumaa, saa nne hivi, alifika kwenye nguzo ya arobaini na moja, ambayo mji ulipokua ilisimikwa mbele ya lango la Amram mwokaji. Aligonga nguzo ile kama nyingine. Akaitazama waya. Akapita.

Maadamu Amram alikuwa hai, hapakuwa na la kufanya. Mtu hagongi mlango wa mke wa mtu kuzungumzia ya zamani. Lakini Amram alifariki mwaka 2006, na kisingizio kikafariki naye. Kila mkesha wa Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, wakati ambapo watu wote mjini huzunguka kuombana msamaha hata kwa ajili ya kuku aliyevuka ua, Fraji alimwambia kaka yake: nenda. Sheria iko wazi. Dhambi kati ya mtu na Mungu, siku ile inaifuta. Dhambi kati ya mtu na mwenzake haifutiki mpaka amwendee, mara tatu ikibidi, kila mara akiwa na watu watatu. Khamus alijibu kila mwaka, "Mungu anaujua moyo wangu." Miaka kumi na miwili, jibu hilohilo. Mwaka mmoja Fraji akachoka, akamwambia, "Mungu anaujua. Meisa ndiye asiyeujua, bwana wee!"

Agosti 2018 marehemu aligunduliwa na saratani ya kongosho. Hapo alitushangaza. Tulidhani atalala na zaburi zake. Kumbe alikwenda kila alikotumwa, akameza kila alichopewa, akakataa kukosa hata miadi moja, na alipoishiwa nguvu za kupanda basi aliomba kubebwa. Mtoto wa Fraji alimwuliza kama amepoteza imani. Akacheka hadi akakohoa. "Zamani ndipo sikuwa nayo, mwanangu. Nilikuwa na woga, nikauvisha kofia ya imani."

Jumanne tarehe 18 Septemba 2018, mkesha wa Yom Kipuri, alivaa shati jeupe akamwambia Fraji, "Twende, lete na wanao." Watu watatu kama ilivyo sheria. Meisa alifungua mwenyewe, miaka sabini kasoro, mikono ina unga.

"Meisa," Khamus alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Meisa akamtazama juu mpaka chini. "Nani huyu? Aa, mtu wa waya. Miaka yote unapita hapa kila Ijumaa, leo ndiyo umeuona mlango?"

"Leo ndiyo."

"Unanisikitikia au unaogopa kufa?"

"Vyote viwili."

"Angalau husemi uongo," alisema Meisa, akafunga mlango.

Njiani Fraji alichemka, akasema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Khamus akamnyamazisha. Akasema kufika mlangoni ni kwake, kufunguliwa si kwake, na kwamba ametumia maisha yake yote kuyachanganya hayo mawili. Alikuwa ameshika ukuta ili asianguke.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 5 Desemba, ndani ya Hanuka. Safari hii Meisa aliwakaribisha ndani, akawapa maandazi ya mafuta na chai, akaketi mbali. Khamus hakugusa chai. Alisema, na walioshuhudia wapo hapa: "Nilikuambia ni imani. Haikuwa imani. Niliogopa daktari atasema ni mimi. Nikakuacha wewe uitwe tasa miaka mitano, nami najua, au nashuku, jambo ambalo ni sawa na kujua. Kisha nikakupa talaka nikajiona mwema."

Meisa akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Hilo ndilo," alisema. "Sasa nendeni."

"Umenisamehe?"

"Nimesema nendeni. Bado una mara ya tatu."

Majira ya baridi yalimwangusha. Aprili alikuwa ngozi na mifupa, yuko nyumbani kwa Fraji, katika chumba kinachotazama barabara. Jumatano tarehe 10 Aprili asubuhi aliketi kitandani akaomba viatu. "Leo twende kwa Meisa." Nyumba ilikuwa juu chini kwa usafi wa Pasaka, magodoro uani, vyombo kwenye maji ya moto, mkate wa chachu unasakwa hadi mifukoni. Fraji alikuwa na ndoo mkononi.

"Leo? Kila nyumba iko hivi, naye utamkuta juu ya meza anasugua dari. Ijumaa. Upumzike siku mbili, Ijumaa nitakubeba mwenyewe. Kawia ufike, kaka."

"Fraji, leo."

"Usiwe na wasiwasi, Mungu yupo."

Khamus alimtazama mdogo wake. "Mungu yupo, najua. Miguu ndiyo haipo."

Fraji alivichukua viatu vile, akavisukuma chini ya kitanda kwa mguu, akarudi kwenye ndoo yake.

Marehemu alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 11 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, katika safu hii ya pembeni wanamozikwa makuhani, ili ndugu zao waweze kusimama barabarani na kuwaona. Ijumaa yake kijana wa baraza la dini aliuzunguka mji kwa pikipiki.

Fraji amesoma mengi ya aibu ya nduguye, haki ni kwamba asome na ya kwake. Miaka kumi na miwili alimhubiria kaka yake kwamba mtu hajifichi nyuma ya Mungu. Kisha siku moja iliyohitajika, kwa sababu ya magodoro, alijificha nyuma ya Mungu. Majuto ni mjukuu, husemwa, naye Fraji huyo mjukuu anaye, anamwamsha kila alfajiri.

Wiki iliyopita alikwenda kwa Meisa kumwomba ruhusa ya kulitaja jina lake hapa, kwa kuwa baadhi ya ukoo walisema si adabu, mambo ya chumbani hayasomwi makaburini. Meisa alimpokea kizingitini.

"Shemeji," alisema. Hakuwa ametumia neno hilo tangu 1982. "Soma yote. Na neno tasa ulisome kwa sauti, wapo waliobaki wa mtaa ule, walisikie."

"Nitasoma."

"Nilikuwa nimeshamsamehe tangu Hanuka. Siku ileile, kabla chai haijapoa." Akajifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Nilitaka tu aje tena. Alinipita miaka thelathini na sita akiangalia juu. Nikasema na aje mara moja zaidi akiangalia mlango. Ubishi wa kibibi. Nilijua anaumwa, nikajiambia Mungu atampa siku."

"Alitaka kuja Jumatano. Mimi ndiye nilificha viatu."

"Basi wewe na mimi ni walewale," Meisa alisema, akampisha aingie.

Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Ameacha mdogo wake Fraji na shemeji yake Zula, watoto wa mdogo wake, Bugid na Netaneli, na watu wa mji huu waliobeba watoto wao kila Sabato kwa miaka arobaini na minane bila kuwaza nani alitembea. Khamus mwana wa Bugid na Ghzala alale kwa utulivu, na nafsi yake ifungwe pamoja na walio hai.

Jamani, msiondoke. Kwetu, mwenye neno la msamaha na aliyekwisha kufa huleta wanaume kumi wasimame naye kaburini, akalisema mbele yao. Sisi wa ukoo wake ni makuhani wote, hatuwezi kuvuka ukuta huu hata tungelia. Tunawaomba nyinyi, kumi wowote mliokuja, sogeeni hadi kwenye jiwe. Meisa amesimama langoni tangu tulipoanza kusoma. Ana neno lake, na amekubali kumsemea Fraji la kwake.

Mpisheni.